Unarekodi traki nyingi kwa laptopu na mambo hayaendi? Anzia hapa kabla hujanunua kitu

Chalii mmoja wa mtaa wa Unga Limited, hapa Arusha, alinipigia simu nimtafutie mteja wa laptopu yake, i5 ya siku nyingi ila ina ramu GB 8, anasema haifai kurekodi, kila akifika traki ya nne sauti inaanza kukatika na kutoa krichi krichi. Nikamwambia usiuze kwanza, njoo nayo hapa Ngarenaro tuiangalie. Kumbe bafa (kile kiasi cha sauti kompyuta inachokusanya kabla ya kukichakata) ilikuwa imewekwa 64, Windows inajishushia apdeti kwa nyuma kwa bando la simu, alafu chaja haijachomekwa kwa hiyo mashine imejipunguza mwendo ili betri idumu. Tukarekebisha hayo na jioni ileile akarekodi traki kumi na mbili. Laptopu anayo mpaka leo na ndo anafanyia kazi.

Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona machalii wa hip hop, walimu wa kwaya na watu wanaojifunza uprodyuza chumbani, Arusha huku na Moshi, wanatoa hela waliyoidunduliza miezi kununua kifaa kipya wakati kibovu ni waya mmoja au setingi moja. Kifaa kipya kinakuja, tatizo liko palepale, mtu anakata tamaa anaacha kabisa.

Cha kwanza elewa njia ya sauti. Inatoka kwenye maiki, inapita waya, inaingia saundi kadi (kile kiboksi unachochomekea maiki), inapita USB, draiva (programu ndogo inayounganisha kadi na Windows), programu, inaandikwa kwenye diski, alafu inarudi mpaka hedifoni. Tatizo lako liko mahali fulani kwenye hiyo njia na kazi yako ni kujua ni wapi. Badilisha kitu KIMOJA, rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndo uguse kingine. Ukibadilisha waya na draiva na programu kwa mpigo ikapona hutajua kilichoponya ni nini, na wiki ijayo ikirudi unaanza upya.

Hapa naongelea laptopu ya Windows na saundi kadi za USB za bei ya kawaida kama Behringer UM2, UMC202HD, UMC404HD au Focusrite Scarlett zile ndogo, na programu mbili, Audacity ambayo ni ya bure, na REAPER ambayo unaijaribu siku 60 alafu leseni yake ya bei nafuu ni dola 60.

SAUTI HAIINGII KABISA

Usianze na kompyuta. Ongea kwenye maiki uangalie taa ya saundi kadi. Ikicheza unapoongea basi maiki na waya ni wazima, tatizo liko kwenye kompyuta. Isipocheza, kompyuta haihusiki, acha kuinstoli instoli madraiva.

Taa haichezi: maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48, bonyeza kile kitufe kilichoandikwa 48V, bila hicho imekufa tu. Maiki za dainamiki kama Shure SM58 hazihitaji. Baada ya hapo jaribu waya mwingine, na usiseme waya ni mpya, waya nyingi tunazotumia zimechomelewa mtaani na sehemu inayokatika ni palepale waya unapoingia kwenye XLR (ile plagi nene ya pini tatu ya maiki), ushike hapo uutikise taratibu huku mtu anaongea, utasikia unakuja na kupotea.

Taa inacheza lakini programu inachora mstari ulionyooka: Windows 10 na 11 zina ruhusa ya maiki, nenda Settings, Privacy, Microphone, hakikisha programu za kawaida za kompyuta zimeruhusiwa. Ikiwa imezimwa saa ingine haikuambii kitu, programu inarekodi ukimya tu na wewe unahangaika na waya. Alafu angalia ndani ya programu umechagua saundi kadi yako na sio maiki ya laptopu. Hili la pili lina mtego wake, kwa sababu maiki ya laptopu nayo inarekodi, unasikia sauti ila ya mbali yenye mwangwi, unadhani maiki uliyonunua ni feki. Gonga kwa kucha kichwa cha maiki yako, alafu gonga pembeni ya skrini. Penye kishindo kikubwa ndo panaporekodi.

Kama huna saundi kadi na unachomeka moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la laptopu, angalia pini. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja linalotaka pini yenye pete nyeusi tatu. Ya kwako ikiwa na pete mbili tundu linaiona kama hedifoni tu, hakuna maiki inayoingia, unahitaji ile adapta ya Y inayogawa maiki na hedifoni. Ila kwa maiki ya dainamiki hata ukiwa na adapta sauti itaingia ndogo na mvumo mwingi, hapo saundi kadi ndogo kabisa ndo hela ya kwanza inayostahili kutoka.

MIKSA INA CHANELI NANE LAKINI KOMPYUTA INAPATA TRAKI MBILI TU

Hili ndo linaloumiza watu kuliko yote. Kuna kwaya moja ya huku njia ya Tengeru walichangishana, wakanunua miksa ya chaneli nane yenye USB, wakaniita niwafungie. Nimechomeka, nimefungua programu, nawaonyesha ingizo mbili, mwalimu wao akainama mpaka karibu na skrini akahesabu kwa kidole, moja, mbili, akaniangalia. "Kaka, mbona hapa juu kuna matundu nane?"

Matundu ni nane kweli mwalimu, lakini miksa nyingi za bei ya kawaida zinachanganya zote nane kwanza, alafu kinachopita kwenye USB ni ule mchanganyiko wa kushoto na kulia. Yani sauti zimeshapikwa pamoja kabla hazijafika kwenye kompyuta, na ukishachanganya chumvi na maji huwezi kuchota chumvi peke yake. Ukitaka besi ipande kidogo alafu soprano ishuke baada ya kurekodi, haiwezekani.

Kabla ya kulipa soma boksi au karatasi ya maelezo. Ikiandika USB 2 in 2 out, au stirio, ujue ni traki mbili. Ya traki nyingi wanaandika idadi waziwazi kwa sababu ndo wanachouzia. Kwa mfano UMC404HD inapokea maiki nne kila moja na njia yake, UMC1820 ina maiki nane. Na muuzaji akikwambia "hii inarekodi zote kaka", muombe aichomeke kwenye laptopu yako palepale dukani uone mwenyewe.

Kama umeshanunua usiitupe, bado ni mali. Zungusha pani (kile kinobu cha kupeleka sauti kushoto au kulia) ya chaneli 1 yote kushoto na chaneli 2 yote kulia, kwenye programu chukua kushoto kama traki moja na kulia kama traki nyingine, tayari una traki mbili safi zisizoingiliana. Alafu rekodi kwa awamu. Ile kwaya tulianza na kinanda na ngoma, wakavaa hedifoni, tukaweka soprano, tukaweka alto, teno, besi, kila sauti imepita peke yake na maiki mbili. Ilichukua jumamosi nzima lakini mwisho tulikuwa na traki kumi, kwa miksa ileile ya USB mbili. Mi naamini kwa kwaya ya watu ishirini hii njia ni nzuri kuliko maiki nane kwenye chumba kimoja, maana maiki nane zilizokaa karibu karibu kila moja inasikia majirani zake na ukipandisha alto, teno naye anapanda.

Kuna ndugu yake na hili tatizo: kadi ni ya maiki nne kweli lakini traki zote zimetoka na sauti ileile moja. Hapo ni programu. Kwenye REAPER kila traki mpya huwa inakuja imeelekezwa ingizo la 1, lazima uingie traki ya pili uchague ingizo la 2, ya tatu la 3, na kila moja iwashwe kitufe chekundu. Na kwa Audacity, toleo la 3 unaloshusha kwenye tovuti yao haliji na ASIO (aina ya draiva inayoipa programu ingizo zote za kadi), kwa hiyo kwenye Windows kwa kadi ya maiki nne usishangae ikikupa mbili. Kwa kazi hiyo weka draiva ya ASIO ya mtengenezaji wa kadi yako na utumie REAPER. Kadi isiyo na draiva yake kuna ASIO4ALL ya bure, inasaidia.

SAUTI IKO SIKIO MOJA, AU INAPOTEA UKIPIGA KWENYE SIMU

Sikio moja ni rahisi. Kwenye kadi ya matundu mawili maiki iko kushoto na gita kulia, wewe ukarekodi traki kama stirio kwa hiyo sauti ya mtu imekaa kushoto tu. Chagua mono, ingizo 1, basi. Iliyokwisha rekodiwa igawe iwe mono mbili, futa iliyo tupu.

Hili la pili lilinikosesha usingizi siku mbili. Tulirekodi kwaya Usa River, saundi kadi imejaa, nikachukua maiki ya dainamiki ya mama mmoja anayeongoza nikaichomeka kwenye rekoda ndogo ya mkononi kwa ule waya wenye XLR upande mmoja na pini ndogo ya 3.5 upande mwingine, baadae nikaihamishia kwenye laptopu. Kwenye hedifoni mama anasikika, sauti imetanuka tanuka, nikaona poa. Nikamtumia mwalimu wao wa kwaya. Akanipigia: "Mwalimu mwenzangu, kwaya iko vizuri, ila mama hayupo." Nikamwambia yupo. Akaweka simu yake ya spika moja karibu na simu ya mke wake nikasikia mwenyewe, kiitikio kinakuja, vinanda vipo, mahali pa mama ni kimya na mwangwi wake kwa mbali.

Sababu ni hii. Kwenye XLR sauti inatembea kwenye pini mbili, ya 2 inabeba sauti na ya 3 inabeba ileile imegeuzwa juu chini. Waya nyingine za hivyo zimefungwa pini ya 2 iende kushoto na ya 3 iende kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata chake kwa hiyo unasikia. Simu yenye spika moja inajumlisha kushoto na kulia, na kitu ukikijumlisha na kinyume chake unapata sifuri. Dawa ilichukua nusu dakika, nikagawa traki, nikafuta upande wa kulia, uliobaki nikauweka mono katikati. Mama akarudi.

Tangu siku hiyo sitoi kazi kabla sijaisikiliza kwa mono kwenye simu moja mbovu ninayoiweka kwa ajili hiyo tu. Wasikilizaji wetu wengi wanasikiliza kwa simu, tena ya spika moja.

Jambo hilohilo kwa kiasi kidogo linatokea ukiweka maiki mbili kwa mtu anayeimba na gita, ukizipiga pamoja sauti inakuwa nyembamba, besi imekimbia. Geuza polariti ya traki moja (yani wimbi lake juu liwe chini), sikiliza ipi ina mwili zaidi, bakia nayo. Na maiki ya pili iwe mbali na ya kwanza angalau mara tatu ya umbali wa ya kwanza na mdomo.

TRAKI HAZIKAI KWENYE BITI

Hapa watu wanasema "laptopu inachelewesha" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe ni mitatu na dawa zake hazifanani. Jiulize kwanza: unachelewa wakati unarekodi, au ukisikiliza baadae? Na kama ni baadae, tofauti ni ileile mwanzo mpaka mwisho, au inazidi kadri wimbo unavyokwenda?

Ukijisikia umechelewa kwenye hedifoni wakati unarekodi, hiyo ni bafa. Bafa 256 kwenye sampo reti ya 48000 (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) ni milisekunde 5.3, kuingia na kutoka ni kama 11 ukiacha kidogo cha draiva, ni kama umesimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, mtu anaimba bila shida. Bafa 1024 ni milisekunde 21 kila upande, zaidi ya 40 kwenda na kurudi, hapo mchanaji hawezi kushika flo, anajifuata mwenyewe. Kurekodi weka 128 au 256, ukifika kwenye miksi panda 1024. Na kama kadi yako ina kitufe cha Direct Monitor kitumie, kinakupa sauti yako kabla haijaingia kompyuta, ila sharti uzime ile ya programu, la sivyo unajisikia mara mbili sauti kama iko ndani ya bomba. Mambo ya kumwekea mtu mwangwi na otochuni wakati anarekodi yaache, kila plagini (programu ndogo ya kunogesha sauti) inaongeza uzito, muwekee baadae.

Tofauti ileile mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni fidia ya ucheleweshaji. Audacity huwa inakuja imewekwa hasi milisekunde 130, hiyo ni makadirio, sio ya laptopu yako. Pima ya kwako: tengeneza traki ya mapigo, tik tik tik, chukua waya kutoka tundu la kutokea la kadi urudishe kwenye tundu la kuingilia, rekodi. Vuta karibu kabisa uone mapigo mapya yako nyuma ya yale ya kwanza kwa kiasi gani. Yakiwa nyuma milisekunde 45 ongeza hasi 45 kwenye namba iliyokuwepo. Yakiwa mbele punguza. Unafanya mara moja tu mpaka siku utakapobadilisha kadi au draiva. Na kwenye Audacity chagua WASAPI badala ya MME (hizo ni njia za Windows za kupitisha sauti), MME ndo nzito kuliko zote. REAPER ikitumia ASIO mara nyingi inajirekebisha yenyewe.

Inazidi kadri wimbo unavyokwenda: umetumia vifaa viwili vyenye saa tofauti, labda maiki mbili za USB, au simu moja imerekodi ngoma na laptopu imerekodi sauti. Kila kifaa kina saa yake ndani na hakuna zinazolingana kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 tu katika milioni, zinaachana milisekunde 3 kila dakika, wimbo wa dakika 5 mwishoni ziko mbali kwa 15. Hakuna setingi ya kuponya, unaweza kukata vipande na kusogeza kimoja kimoja, lakini dawa ya kweli ni maiki zote kuingia kadi moja. Ndo maana nasema usinunue maiki ya pili ya USB kwa ajili ya traki nyingi.

Na ikiwa wimbo wote umekimbia na watu wanaimba kama watoto, hiyo ni sampo reti. Umerekodi 44100 inapigwa kama 48000, wimbo wa dakika 4 unaisha dakika 3 na sekunde 40 na sauti inapanda karibu semitoni moja na nusu. Hakikisha Windows, paneli ya kadi na programu zote zinasema namba moja. Yoyote, ila moja.

KRICHI KRICHI NA KUKATIKA KATIKA

Chomeka chaja, weka umeme kwenye hali ya utendaji wa juu, zima Wi-Fi na bluetuthi, simamisha apdeti mpaka umalize. Kwenye setingi za umeme zima ile inayolaza USB. Chomeka kadi moja kwa moja kwenye laptopu sio kwenye habu, habu za bei rahisi hazina umeme wa kutosha hasa ukiwasha 48V. Panda bafa hatua moja. Ikiwa bado, shusha LatencyMon ya bure, iache dakika kumi, itakutajia draiva inayozuia wengine, mara nyingi utakuta ni ya Wi-Fi au ya grafiki.

Laptopu ikiwa ya moto sana chini, piga vumbi la feni kabla ya mambo mengine yote. Mashine ikipata joto inajipunguza mwendo, na vumbi la kiangazi la mitaa yetu linaziba feni haraka.

Ila sikiliza vizuri, sio kila kelele ni hiyo. Tititi tititi inayokuja sekunde chache kabla simu haijaita ni simu yenyewe, iweke hali ya ndege au itoe chumbani. Na sauti iliyopasuka pale tu mtu anapopaza ni geini (kile kinobu cha kukuza sauti ya maiki kwenye kadi) imezidi, taa nyekundu kwenye kadi imewaka, kushusha feda ya kwenye programu hakusaidii kwa sababu imepasuka kabla ya kufika huko. Shusha geini kwenye kadi, mwambie aimbe sehemu yake yenye nguvu kuliko zote, kilele kicheze kati ya hasi 12 na hasi 6 dB kwenye mita ya programu. Ukirekodi biti 24 huna haja ya kukaribia sifuri.

Noti ndefu inayozama na kurudi yenyewe, hasa gita au kwaya ikishikilia, ni Windows au programu ya mtengenezaji wa laptopu inafuta inachodhani ni kelele. Hiyo imetengenezwa kwa mikutano ya video, kwake sauti iliyoshikiliwa ni feni. Zima maboresho yote ya sauti kwenye sifa za maiki.

MNGURUMO WA UMEME

Umeme wetu ni hezi 50 na ndo unaousikia chini, mmmmm, pamoja na 100 na 150 juu yake. Jaribio la kwanza: chomoa chaja ukiwa unasikiliza. Ukikatika, ni chaja na njia ya ethi. Chomeka laptopu, miksa na amplifaya kwenye ekstensheni MOJA, maana zikiwa kwenye soketi mbili tofauti za ukumbini ethi inazunguka kati yao na waya wako wa sauti unakuwa sehemu ya mzunguko. Tumia waya za balansi. Ukichukua sauti kutoka miksa ya kanisa weka boksi la DI, kiboksi kinachokaa kati ya miksa na kadi, lenye kitufe cha kuinua ethi (kuikata ethi kwenye waya wa sauti tu).

Nawaomba sana, msikate wala msivunje ile pini ndefu ya ethi ya plagi ili mngurumo uishe. Utaisha kweli, lakini siku amplifaya ikivuja umeme utapita kwa aliyeshika maiki, na maiki ni chuma mdomoni mwa mtu.

Kama mngurumo haukubadilika ulipotoa chaja lakini unapungua ukishika nyuzi za gita, ni gita au waya wake, haijakingwa vizuri. Geuka nayo upande mwingine, kaa mbali na laptopu na taa, sehemu nyingine mita moja tu inatosha.

TRAKI MPYA IMEBEBA NA MUZIKI WA ZAMANI

Umesikiliza kwa spika badala ya hedifoni, au hedifoni ya kuvuja imewekwa juu mno. Kama ulikuwa na hedifoni nzuri, angalia umechagua Stereo Mix kama ingizo, hiyo inarekodi kila kinachotoka kwenye kompyuta. Kwenye miksa nyingi za USB kuna kitufe kinachorudisha USB kwenye mchanganyiko mkuu, kikibonyezwa muziki unarudi kompyuta pamoja na sauti mpya. Peleka USB kwenye hedifoni tu.

NIMEFIKA MOSHI NA FLASHI, PROJEKTI HAINA SAUTI

Faili la REAPER la rpp ni ramani tu, sauti ziko kwenye faili za WAV pembeni. Beba folda nzima. Audacity za zamani kabla ya toleo la 3.0 la 2021 nazo zilikuwa na folda ya data pembeni, ukibeba aup peke yake umebeba ganda. Toka 3.0 ni faili moja la aup3. Traki moja ya biti 24 kwenye 48000 ni kama MB 8.6 kwa dakika, nane ni 69, saa nzima ya traki nane ni kama GB 4.1, ikizidi kidogo faili la projekti la Audacity linaweza kugoma kwenye flashi ya FAT32 maana haipokei faili moja linalozidi GB 4, ifomati exFAT ukishatoa vilivyomo. Na kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti. Kurudi Arusha kufuata folda ni kilomita 80 nyingine.

UMEME UMEKATIKA KATIKATI YA KUREKODI

Laptopu yenye betri iliyokufa ikizimika ghafla usifute chochote. Fungua Audacity tena, itakuuliza kama irejeshe, kubali. Kwenye REAPER nenda kwenye folda, WAV ipo, ina ukubwa wake, ila haifunguki kwa sababu kichwa cha faili hakikumaliziwa kuandikwa. Itengeneze nakala kwanza. Alafu kwenye Audacity ingiza kama data ghafi, chagua biti 24, mono, 48000, little-endian. Mwanzoni utasikia kishindo kifupi, hicho ni kichwa cha faili kinasomwa kama sauti, kikate. Ikitoka makelele matupu ya shhhh, ongeza offseti (idadi ya baiti za mwanzo zinazorukwa) moja moja mpaka sauti ijitokeze. Niliwahi kuokoa dakika ishirini na mbili za kwaya hivyo, saa sita usiku, watu wamekaa kwenye mabenchi na majaketi hawataki kuondoka mpaka wajue. Sauti ilipotoka kwenye spika ilikuwa ya yule mama wa Usa River, akaisikia mwenyewe, akaanza kuifuata.